Mkutano wa Kijiji Hauna Watu kwa Sababu Hauna cha Kuamua

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya mwaka 1982 inasema mkubwa wa kijiji ni mkutano mkuu. Si mwenyekiti, si mtendaji, wala si diwani anayepita na pikipiki Jumamosi. Ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, wakikaa pamoja kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, ile ya wajumbe 15 hadi 25 ambao angalau robo yao lazima wawe wanawake, inafanya kazi chini ya mkutano huo na inapaswa kurudi kwake na hesabu mkononi.

Sasa nenda siku ya mkutano wenyewe. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji tangu wiki iliyopita, kona moja imeshabanduka. Limesomwa pia kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya swala ya alasiri: saa tatu kamili asubuhi, bila kukosa. Saa nne na nusu wapo wajumbe wenyewe, wapo wazee wachache chini ya mwembe, na wapo akina mama waliosikia kwamba kutakuwa na habari za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Vijana wako kwenye kijiwe cha bodaboda hatua chache kutoka hapo, wanasikia kila neno, hawaji. Saa tano na nusu mtendaji anahesabu vichwa na kuguna. Ama mkutano unaahirishwa kwa kukosa akidi, ama unafanyika hivyo hivyo na karatasi ya mahudhurio inazungushwa majumbani jioni ili ipate saini za kutosha.

Ukimuuliza ofisa wa wilaya kwa nini hali iko hivi, jibu analo mdomoni: wananchi hawana mwamko. Ugonjwa ukishapewa jina hilo, dawa yake inajulikana. Itaandaliwa semina ya siku mbili, wajumbe watapewa posho na maji ya chupa, watafundishwa wajibu wa mwananchi katika utawala bora, na robo inayofuata watu hawatakuja.

Mimi naona tumeliweka jambo kichwa chini miguu juu. Watu wa vijijini wanajua kupima thamani ya siku yao kuliko mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi awe amefanya kazi au hakufanya. Siku ya palizi ikipotea imepotea. Mtu wa namna hiyo akikataa kuja kwenye mkutano, swali la kwanza lingekuwa: mkutano huo una kitu gani cha kumpa? Wakati mwingine, kwa kweli, watu wanakuja. Siku ya kuthibitisha majina ya kaya maskini zitakazoingia kwenye mpango wa TASAF, uwanja haukai tupu. Siku ya kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, foleni inaanza kabla mtendaji hajafungua kufuli. Siku ya kugawa mashamba, hata wale waliohamia mjini wanarudi. Kijiji ni kile kile na watu ni wale wale. Kinachobadilika ni kwamba siku hiyo kuna jambo litakaloamuliwa pale pale, mbele yao.

Kabla sijafika kwenye fedha, ambako ndiko hoja yangu iliko, niseme kidogo mambo yanayoifikia ofisi ya kijiji kwa siku ya kawaida, maana wengi wanaoandika kuhusu serikali za mitaa huzitazama kutoka makao makuu ya wilaya.

Asubuhi anakuja kijana anayetaka barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha Taifa. Nyuma yake kuna mama anayetaka barua ya kumdhamini mwanawe aliyeko mahabusu. Kuna mzazi aliyeitwa kwa sababu hajapeleka debe la mahindi na kilo za maharage za chakula cha shule. Kuna ndugu wawili waliogombana kuhusu mpaka wa shamba la marehemu baba yao, na mmoja wao amekuja na mjomba ili aonekane mzito. Kuna mwalimu mkuu anayeulizia lini boma la darasa litapauliwa. Kuna mnunuzi wa shamba na muuzaji wake, wanataka mauziano yao yaandikwe mbele ya mwenyekiti, na wote wawili wanajua kwamba itatajwa asilimia kumi ya kijiji, ambayo huitafuti kwenye sheria ukaiona.

Halafu zinaletwa ng'ombe. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kesi ya ng'ombe ndiyo inayoonyesha kijiji kilivyo. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi usiku. Mwenye shamba na vijana wake wamewakamata, wamewaswaga hadi kwenye zizi la kijiji, na sasa mfugaji amesimama kando na fimbo yake hasemi kitu. Anaitwa afisa ugani apige tathmini. Akiwa hayupo, na mara nyingi hayupo kwa kuwa kata nzima ina mmoja, wanakwenda wajumbe wawili na mgambo mmoja kuhesabu hatua za eneo lililoliwa. Wanarudi na idadi ya magunia. Mfugaji anasema mahindi yale hayakuwa yamefikia kutoa magunia. Mwenye shamba anasema na jasho lake je. Mwenyekiti anawavuta pembeni mmoja mmoja. Kufikia saa kumi wamekubaliana kiasi, ambacho ni nusu ya kilichotajwa mwanzo, na faini ya kijiji kwa mujibu wa sheria ndogo inaandikwa kwenye daftari. Au haiandikwi.

Kazi hiyo iliyofanywa mchana mmoja na watu wasio na mshahara ni kazi kubwa ya dola. Pale iliposhindikana tunajua nini kilitokea: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Mahakama ya mwanzo iko mbali, polisi wako mbali zaidi. Kilichopo ni mwenyekiti, wajumbe wake na daftari.

Ni daftari hilo ninalotaka lifunguliwe. Faini ya ng'ombe ilikwenda wapi? Ile asilimia kumi ya mashamba yaliyouzwa tangu mavuno yaliyopita ni kiasi gani? Ajenda ya mkutano mkuu ina sehemu yake kwa maswali haya: taarifa ya mapato na matumizi. Kwa kawaida inakuja baada ya yatokanayo na kumbukumbu za mkutano uliopita, inasomwa haraka kama dua ya kufungia, na watu wanasubiri ipite wafike kwenye mengineyo. Wanasubiri mengineyo kwa sababu huko ndiko mtu anaweza kusimama akauliza kuhusu kisima kilichoharibika. Mapato na matumizi hawaulizi sana. Kijiji kizima kinajua kwamba mapato yenyewe ni kiduchu, na kuyagombania mbele ya watu ni kutafuta uadui bure.

Hayakuwa kiduchu siku zote, na yaliyoyapunguza yana tarehe. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya kwa jina la Madaraka Mikoani. Mwaka 1975 ikatunga sheria ya kuvisajili vijiji na vijiji vya ujamaa, vijiji ambavyo vingi vilikuwa vimejazwa watu kwa Operesheni Vijiji, wengine kwa nguvu. Mwaka 1982 serikali za mitaa zikarudishwa kisheria, kijiji kikiwa ngazi ya chini kabisa. Kwa miaka kama 20 hivi kijiji kilikuwa na mkono kwenye kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu aliiita kodi ya kichwa, pamoja na ushuru mdogo mdogo wa mazao, magulio na pombe ya kienyeji. Kodi ile ilichukiwa, na kwa haki. Wanaume walilala porini mgambo wakipita. Ilipofutwa mwaka 2003 pamoja na utitiri wa ushuru wenye kero, hakuna aliyelia, na leo sijasikia mtu mwenye akili timamu akiomba irudi.

Lakini kuna jambo lilipita kimya kwenye shangwe ile. Serikali kuu iliahidi kufidia halmashauri za wilaya kwa mapato yaliyofutwa, na ukawekwa utaratibu kwamba asilimia 20 ishuke hadi vijijini. Wilaya nyingi hazikuishusha, au ziliishusha siku ilipojisikia kushuka. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelitaja jambo hili tena na tena kwa miaka, kiasi kwamba limeacha kuwa habari. Diwani akitaka kupigiwa makofi kwenye kikao cha bajeti anaulizia asilimia 20 ya vijiji. Anapigiwa makofi. Kikao kinaendelea.

Na wakati fedha hazishuki, kazi zimekuwa zikipanda. Barabara za vijijini ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017. Maji, baada ya sheria ya 2019, yako kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kamati ya maji ya kijiji imegeuka chombo cha watumia maji kinachowajibika kwa meneja wa wilaya. Sisemi mabadiliko haya yote ni mabaya. Yapo mabomba yanayotoa maji leo ambayo kamati ya kijiji ilikuwa imeyashindwa. Nasema kijana wa kijiweni anaona. Anaona kwamba daraja likisombwa, mwenyekiti anampigia simu mtu. Pampu ikiungua, mwenyekiti anampigia simu mtu mwingine. Kwa nini yeye apoteze asubuhi kumsikiliza mpiga simu?

Kilichobaki mikononi mwa kijiji ni nguvu za wananchi, yaani mchanga, mawe, maji, matofali na siku za kazi. Wananchi wanainua boma la zahanati hadi lenta, serikali inaombwa ipaue. Nchi imejaa maboma. Mengine yamepigwa na mvua hadi matofali ya juu yameanza kumeguka, na miti imeota ndani. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni, wazazi wengi walishukuru, kwani watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi. Lakini kwa halmashauri ya kijiji hilo lilikuwa kufuli jingine. Haina kodi, fedha yake haishuki, na sasa hata kuchangisha kunataka kibali kutoka juu.

Kuna watu watasema serikali ya kijiji ni kitu kidogo mno kuwa na fedha zake yenyewe. Naomba tuangalie mfano wa mbali, kutoka nchi iliyotutawala na ambayo mfumo wetu wa halmashauri umeazima kwake mengi.

Vijijini Uingereza, hasa upande wa England, kuna mabaraza ya parishi yapatayo 10,000, tukijumlisha na ya miji midogo. Yalianzishwa kwa sheria ya 1894 iliyoyatoa mambo ya kiraia ya kijiji mikononi mwa kanisa na wenye mashamba, na kuyapa baraza la kuchaguliwa. Wanawake waliruhusiwa kugombea tangu uchaguzi wa kwanza, Desemba mwaka ule ule. Kazi zake, ukizisoma, unaweza kutabasamu: viti vya kukalia barabarani, vibanda vya kusubiria basi, makaburi, viwanja vya watoto, vijibustani vya kukodisha kwa mboga, kinyesi cha mbwa njiani. Kwenye mambo ya ujenzi baraza linatoa maoni tu. Mwenye kuamua ni wilaya. Mashimo ya barabarani yanayowakera watu kuliko kitu chochote si kazi yake, ingawa lawama inalifikia. Halina ardhi ya kugawa, halina mgambo, halina ng'ombe kwenye zizi. Kwa mamlaka, mwenyekiti wa kijiji cha Kilosa au Mvomero ni mkubwa mno kwa mwenyekiti wa parishi.

Ila lina mambo mawili ambayo kijiji chetu hakina. Kila mwaka baraza la parishi linakaa, linapanga kiasi cha fedha linachohitaji, na kiasi hicho kinaongezwa kwenye kodi ya makazi ya wanakijiji. Wilaya inaikusanya na ni lazima iikabidhi. Haiwezi kusema mwaka huu mambo ni magumu. Pili, karani wa baraza, yule anayeandika mihtasari na kutunza hesabu, ameajiriwa na baraza lenyewe. Na kila mwaka hesabu hufunguliwa kwa siku 30 za kazi ili mpiga kura yeyote aende kuzikagua.

Nisiwapambe kupita kiasi. Mikutano yao nayo mara nyingi haina watu, na viti vingi vya udiwani wa parishi vinajazwa bila kupingwa kwa kuwa hakuna aliyejitokeza. Ugomvi nao upo: mwanzoni mwa 2021 dunia nzima ilicheka video ya kikao cha mtandaoni cha Handforth, huko Cheshire, ambapo madiwani walikuwa wakizomeana na mwenyekiti kumwambia mwanamama aliyekuwa akikiendesha, Jackie Weaver, kwamba hana mamlaka hapo, naye Weaver akamtoa mwenyekiti huyo kikaoni kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo fedha peke yake haijazi ukumbi. Lakini mwanakijiji wa kule anayebaki nyumbani anajua kwamba viti vitapakwa rangi, nyasi za makaburini zitakatwa, na hesabu ataikuta siku akitaka kuisoma. Kutohudhuria kwake ni uvivu, pengine ni kuridhika. Kwetu mtu anabaki nyumbani kwa kukata tamaa, ingawa kwenye karatasi ya mahudhurio hali zote mbili zinaonekana sawa.

Turudi nyumbani, Kilwa, kwa sababu wilaya hiyo imetupa majibu mawili ya swali moja ndani ya muongo mmoja: nani anaamua kuhusu mali ya kijiji?

Jibu la kwanza ni misitu. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake, kuupangia mpango wa usimamizi, na kuuza mbao kwa bei kinachoipanga chenyewe, fedha zikiingia kwenye mfuko wa kijiji. Kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao Kilwa Masoko, vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Vijiji vingine vikafuata, na Nanjirinji A ikaja kuwa ile inayotajwa zaidi kwa mapato ya mbao na majengo ya umma yaliyotokana nayo. Mnunuzi wa magogo anafika kijijini, analipa kijiji, na kesho yake kila mtu anajua gari ngapi zimetoka. Hapo taarifa ya mapato na matumizi haiwezi kusomwa haraka. Kama kuna pesa ya darasa, ya matundu ya choo na ya posho za doria, basi kuna mabishano kati ya choo na posho, na mabishano hayo ndiyo siasa yenyewe. Sisemi hakujawahi kuwa na wizi. Nasema kuna kitu cha kuibiwa, kwa hiyo kuna sababu ya mtu kuja kukilinda.

Jibu la pili ni ardhi. Miaka michache kabla ya cheti kile, katika wilaya hiyo hiyo, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilitafuta hekta zipatazo 34,000 kutoka vijiji vinne ili ilime mibono ya kutengenezea mafuta. Kufikia 2010 ilikuwa imeanguka, ikiwa imepanda sehemu ndogo tu ya eneo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji kauli kubwa kwenye maeneo madogo: mkutano mkuu unaweza kukubali au kukataa kuhamisha ardhi isiyozidi hekta 250. Likizidi hapo, mwenye uamuzi ni waziri, kijiji kinabaki na maoni. Na ardhi ikishahamishwa inakuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akifilisika, hairudi yenyewe kwa babu zake. Maana yake ni kwamba kadiri jambo lilivyo zito kwa kijiji ndivyo mkutano wake unavyokuwa mwepesi. Mihtasari ya mikutano ya namna hii, popote nchini, ina sifa ya kuwa na saini za watu wasiokumbuka kuhudhuria.

Nimemtaja mtendaji mara kadhaa, na hapa pana fundo ambalo fedha peke yake haitalifungua. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu. Yeye ndiye anayeitisha, anayeandika na anayetunza stakabadhi. Lakini ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, anaweza kuhamishwa kwa barua ya mstari mmoja, na bosi wake ni mkurugenzi. Simu ya mkurugenzi ikilia, kikao cha kijiji kinasimama. Nimewaona watendaji wazuri, vijana waliosoma, wakiendesha baiskeli kutoka kitongoji hadi kitongoji kwa fedha yao. Hata hao, ukiwasikiliza, robo tatu ya wiki wanafanya kazi za juu: takwimu za lishe, orodha ya wanafunzi watoro, mapokezi ya mgeni, mbio za Mwenge, uhamasishaji wa chanjo. Mwenyekiti, aliyechaguliwa na watu, hana mshahara wala karani wa kwake. Ana muhuri tu, na hata muhuri huo umewahi kuzua mabishano na serikali kuhusu nani anaruhusiwa kuushika. Kwa hiyo mwenye kura hana kalamu, mwenye kalamu hana haja ya kura.

Na kura zenyewe? Novemba 27, 2024 tulichagua viongozi wa vijiji zaidi ya 12,200. Chama tawala kilitangazwa kushinda kama asilimia 99 ya vijiji, karibu kama ilivyokuwa 2019. Vyama vya upinzani vililalamikia wagombea wao kuenguliwa kwenye hatua ya uteuzi, na uchaguzi huo ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa iliyo chini ya Ofisi ya Rais, si Tume ya Uchaguzi. Sitaki makala hii iwe ya vyama. Nataka kusema jambo la kijijini tu: mwenyekiti ambaye vita yake ngumu ilikuwa kura za maoni ndani ya chama anajua nani alimpa kiti, na akili yake itaelekea huko. Mkutano mkuu kwake ni mahali pa kupeleka salamu za viongozi wa juu. Nimekaa kwenye mikutano ambayo salamu zilichukua muda mrefu kuliko ajenda zote nyingine zikijumlishwa.

Hofu ninayoisikia zaidi dhidi ya hoja hii ni ya wizi. Ukipeleka fedha kijijini, zitaliwa. Wanaosema hivyo wana ushahidi, na si haba. Kila mmoja wetu ana kijiji chake ambako matofali ya shule yalijenga nyumba ya mtu. Lakini angalia ni wizi gani unaostawi sasa: faini zisizoandikwa, asilimia kumi isiyo na stakabadhi, pesa ya soda ili barua igongwe muhuri, muhtasari uliopikwa ili shamba la kijiji liuzwe. Wote huu unastawi mahali ambapo hakuna fedha halali ya kutosha kumfanya mtu aje kuuliza. Mwanakijiji hana kiwango cha kulinganisha. Hajawahi kuambiwa kwamba robo hii kijiji kilistahili kupokea kiasi fulani, kwa hiyo hawezi kusema kimepungua.

Naanzia hapo basi, kwa jambo lisilohitaji hata sheria mpya. Kila halmashauri ya wilaya itangaze kila robo mwaka kiasi kinachokwenda kwa kila kijiji kati ya asilimia 20, kijiji kwa kijiji, hata kama ni sifuri, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kabla ya tangazo la mkutano. Sifuri nayo ni taarifa. Watu wakiona kijiji jirani kimepata na wao hawakupata, hutahitaji semina ya mwamko. Waraka mmoja wa TAMISEMI unatosha kwa hili, na mkurugenzi asiyebandika awe na la kujibu kwa mkaguzi.

La mtendaji ni gumu zaidi, kwani linagusa utumishi wa umma na litapita Bungeni. Sipendekezi kijiji kimwajiri na kumlipa. Hakina uwezo, na vijiji maskini vingekosa mtu kabisa. Mshahara ubaki wilayani. Lakini tathmini yake ya mwaka isikamilike bila kura ya mkutano mkuu, na uhamisho wake katikati ya mwaka wa hesabu usifanyike kabla hajakabidhi vitabu mbele ya mkutano huo. Wabunge watalipinga. Wengi wao wanapita kwa watendaji wakati wa kampeni, na mtendaji anayeogopa watu wa kijiji chake kuliko mkurugenzi si mtendaji wanayemhitaji. Kwa sababu hiyo ningeanza na ile karatasi ya mlangoni, ambayo mkurugenzi mmoja mwenye nia anaweza kuibandika robo hii hii bila kungoja Dodoma.